Makumbusho ya Tucson, Arizona: Yapi Yanastahili Siku Yako, na Uingie Saa Ngapi

Anayefika Arizona-Sonora Desert Museum saa sita mchana mwezi wa Juni atalipa tiketi kamili, ataona vichaka, mawe na vibao vyenye majina ya wanyama, na wanyama wenyewe watakuwa wamejificha kivulini au mashimoni. Aliyeingia milango ilipofunguliwa asubuhi ya siku hiyohiyo atakuwa ameshawaona wakitembea, amepumzika, na yuko njiani kwenda kula. Ndiyo maana tathmini hii inatanguliza saa ya kuingia, kisha ndipo ije kwenye ubora wa maonyesho. Saa zote humu ni za Kiswahili: saa nne asubuhi ni ile ambayo simu yako huandika 10:00.

Tucson iko kusini mwa Arizona, kama kilomita 100 kutoka mpaka wa Meksiko, kwenye jangwa la Sonora, mita 730 hivi juu ya usawa wa bahari. Mwinuko huo huwashangaza watu mwezi wa Januari: alfajiri baridi hukaribia kuganda, mchana unavua koti. Kuanzia Juni hadi Septemba joto huvuka nyuzi 38 mara kwa mara. Aliyezoea joto la Mombasa au Dar es Salaam asijidanganye kwamba analijua hili. Pwani jasho hubaki mwilini na kukukumbusha kunywa maji. Tucson hewa ni kavu kiasi kwamba jasho hukauka papo hapo, ngozi inabaki kavu, na huenda ukagundua umeishiwa maji kichwa kinapoanza kuuma. Lita moja ya maji kwa kila mtu kwa kila saa mbili za kutembea nje ndiyo kiwango cha chini wakati wa joto, na unywe kabla ya kiu. Kofia yenye ukingo mpana inafaa kuliko ile ya kapelo, kwa sababu shingo na masikio ndiyo yanayoungua.

Jambo jingine la saa: Arizona haibadilishi saa zake kama majimbo mengi ya Marekani yanavyofanya mara mbili kwa mwaka. Ukitoka California au Texas, tofauti ya saa hutegemea mwezi, na ziara za kuongozwa hazimsubiri mtu.

Sasa Desert Museum yenyewe. Ndiyo bora kuliko yote mjini, na kama una siku moja tu Tucson, itumie hapo. Ilianzishwa mwaka 1952 kwenye eneo la Tucson Mountain Park, kama kilomita 22 magharibi mwa katikati ya mji. Jina linasema makumbusho, lakini sehemu kubwa iko nje: ni bustani ya wanyama, bustani ya mimea, jumba la miamba na nyumba ya samaki, vyote vikiwa vimeunganishwa na njia za kutembea zenye urefu wa zaidi ya kilomita 3. Nguvu yake ni uamuzi uliofanywa tangu mwanzo: kuonyesha jangwa hili tu. Hutaona simba wala twiga. Utaona puma, mbwamwitu wa Meksiko, dubu mweusi, fisi maji, kondoo mwitu wenye pembe zilizojikunja, nyoka wenye njuga mkiani, na havelina, mnyama anayefanana na nguruwe mwitu ingawa ni wa ukoo mwingine. Kila mmoja yuko karibu na mimea anayoishi nayo porini, na vizuizi vimefichwa vizuri kwenye mawe ya kutengenezwa.

Mpango unaofaa ni huu. Fika dakika 15 kabla ya kufunguliwa. Miezi ya baridi milango hufunguliwa saa mbili na nusu asubuhi, na miezi ya joto mapema zaidi. Ratiba hubadilika kwa msimu, kwa hiyo iangalie usiku wa kuamkia safari. Usianze na jumba la miamba lililo karibu na lango, ingawa watu wengi huingia humo kwanza kwa kuwa ndilo wanaloliona. Nenda moja kwa moja kwa wanyama wa milimani na paka mwitu, kwa sababu hao ndio wanaolala mapema. Baadaye nenda kwenye banda la ndege wavumaji, wale wadogo wa Amerika wanaoelea hewani mbele ya ua wakinyonya asali, kazi ambayo kwetu hufanywa na chozi. Banda lile unaingia ndani yake. Simama mahali pamoja dakika 10 bila kutembea-tembea na watakukaribia hadi usikie mabawa. Wageni wengi huzunguka haraka na kutoka baada ya dakika mbili, wakidhani hakuna kitu.

Kati ya katikati ya Oktoba na Aprili kuna onyesho la ndege wawindaji wakiruka huru, bila kamba, mara mbili kwa siku: saa nne asubuhi na saa nane mchana. Chagua la asubuhi. Yule wa kumtazama zaidi ni mwewe wa Harris, kwa sababu huwinda kwa kundi, tabia adimu mno kwa ndege wa aina hiyo. Wanaruka chini kiasi cha kugusa nywele, na waongozaji watakuambia usinyanyue mkono wala kumbeba mtoto mabegani. Lifuate agizo hilo. Fika robo saa kabla na usimame upande ambao jua liko mgongoni kwako, la sivyo picha zako zote zitakuwa vivuli vyeusi.

Jumba la miamba liachie mchana, jua likipanda. Ndani kuna pango la kutengenezwa na mkusanyiko mzuri wa madini ya eneo hili, na kuna ubaridi. Vivyo hivyo nyumba ya samaki, inayoeleza jambo ambalo wengi hawalitarajii: jangwa la Sonora linafika baharini, kwenye Ghuba ya California. Kuna bwawa ambamo wageni huruhusiwa kumgusa samaki aitwaye taa. Wavuvi wetu wa pwani watashtuka kuona watoto wakinyoosha mikono kwa samaki huyo, ila hapo miiba yao imeshughulikiwa.

Kuhusu mimea, mfalme ni saguaro, dungusi kakati mrefu wenye mikono. Hukua polepole mno. Mara nyingi hupita miaka 50 hadi 75 kabla hajatoa mkono wa kwanza, na huweza kuishi zaidi ya miaka 150. Huchanua Mei na kuzaa Juni. Lakini wa kumwogopa ni cholla, mfupi, mwenye miiba inayong'aa kama manyoya laini. Vipande vyake hukatika kwa mguso mdogo na miiba ina vindoana vinavyoshika nyama. Ukinaswa, usivute kwa vidole, maana vitanasa navyo. Pitisha chanuo kati ya ngozi na kile kipande, kirushe mbali kwa mkupuo mmoja, kisha ng'oa miiba iliyobaki kwa kibanio. Chanuo la bei nafuu mfukoni ni kifaa halisi cha jangwa hili.

Upungufu wake? Tiketi ya mtu mzima imekuwa ikikaribia dola 30 katika miaka ya karibuni, na familia ya watu watano itahisi. Chakula cha ndani ni ghali kwa kiasi chake. Vivuli havitoshi kwenye baadhi ya vipande vya njia. Na hakuna basi la mji linalofika, kwa hiyo asiye na gari lazima ajipange kwa teksi ya kuitwa kwa simu, na mtandao huko milimani ni dhaifu; panga gari la kurudi mapema. Wenye magari nao wana tatizo lao: ramani za simu hupenda kukupitisha Gates Pass, njia fupi na nzuri kwa macho, yenye kona kali na mteremko. Magari marefu na yanayokokota tela hayaruhusiwi kupita hapo. Ukiwa na gari kubwa pita Ajo Way kisha Kinney Road.

Baada ya Desert Museum, linalofuata kwa uzito, ingawa ni dogo, ni Titan Missile Museum, karibu kilomita 40 kusini, Sahuarita. Unafika kwa barabara kuu ya I-19, ambayo alama zake za umbali ziko kwa kilomita, jambo la pekee kwa barabara kuu za aina hiyo Marekani. Kilichopo ni shimo moja la kombora la nyuklia, lililobaki kati ya 54 yaliyokuwa tayari kufyatuliwa kati ya miaka ya 1960 na 1987. Kumi na nane kati ya hayo yaliuzunguka mji huu wa Tucson. Mengine yalikuwa Arkansas na Kansas. Mengine yote yamebomolewa.

Kombora la Titan II lina urefu wa mita 31 na bado limesimama ndani ya shimo lake. Halijawahi kujazwa mafuta, kwani lilikuwa la mafunzo. Kichwa chake kilikusudiwa kubeba bomu la megatani tisa. Toka amri ilipotekelezwa hadi kombora kuondoka zilihitajika sekunde 58, na safari ya kuelekea bara jingine ilikuwa ya kama nusu saa. Mwendo huo wa haraka ulitokana na mafuta yake: kemikali mbili zinazowaka zenyewe zikikutana, bila cheche, zinazoweza kukaa ndani ya tangi kwa muda mrefu. Ubaya wake ni kwamba zilikuwa sumu kali, na waliozishughulikia walivaa mavazi yaliyowafunika mwili mzima, ambayo yanaonyeshwa.

Ziara huongozwa na ina nafasi chache kwa kila kundi, kwa hiyo nunua tiketi kabla ya siku yenyewe. Unashuka ngazi 55, unapita milango ya chuma yenye uzito wa tani tatu kila mmoja, na kuingia chumba cha kuongozea kilichoning'inizwa juu ya springi kubwa nane ili kihimili mtikisiko wa bomu. Humo hufanyika zoezi la kufyatua: funguo mbili, zilizowekwa mbali kiasi kwamba mtu mmoja hawezi kuzifikia zote, zigeuzwe pamoja na kushikiliwa sekunde tano. Wafanyakazi wanne waliokaa zamu ya saa 24 hawakuambiwa shabaha zao ziko wapi. Walijua tu kwamba ni ya kwanza, ya pili au ya tatu. Kati ya maonyesho yote ya vita baridi nchini humo, machache yanafikisha jambo zito namna hii kwa maneno machache. Mwongozaji hasemi kwa makeke. Anaeleza hatua, moja baada ya nyingine, na hatua zenyewe ndizo zinazotisha.

Ukitoka juu, angalia mlango wa shimo, wenye uzito wa tani 760. Umekazwa usisogee tena ukiwa nusu wazi, na kichwa cha kombora kimetobolewa tundu, ili setilaiti za Kisovyeti ziweze kuhakikisha kutoka angani kwamba silaha hii haifanyi kazi tena. Wageni wengi hupiga picha pale bila kujua wanapiga picha ya utaratibu wa mkataba wa kudhibiti silaha.

Mambo ya kivitendo: viatu vyenye visigino virefu haviruhusiwi kwa sababu ya sakafu za wavu, warefu hupewa kofia ngumu kwa kuwa mabomba yako chini, asiyeweza ngazi aeleze wakati wa kununua tiketi, maana lifti ipo ila lazima ipangwe. Watoto wadogo watachoka, kwani ni ziara ya kusikiliza. Hili ndilo jumba la kwenda saa saba au saa nane mchana wakati wa joto: sehemu kubwa iko chini ya ardhi.

Pima Air & Space Museum, upande wa kusini-mashariki mwa mji kwenye Valencia Road, inasimamiwa na taasisi hiyohiyo. Ilifungua milango mwaka 1976. Ina ndege kama 400 juu ya ekari 80, na hapo ndipo watu hupotea. Wingi huo unachosha. Mtu asiye na mpango hutembea kwenye changarawe kwa muda wa saa tatu, akiona mbawa baada ya mbawa, na kutoka akiwa hakumbuki hata moja. Ushauri: chagua ndege kumi na uzitafute. Kumi zenyewe zaweza kuanza na SR-71 nyeusi, ndege ya upelelezi iliyoruka zaidi ya mara tatu ya kasi ya sauti. B-36, dege la kubeba mabomu ambalo limebaki manne tu duniani. Ile B-52 iliyobeba chombo cha majaribio X-15 chini ya ubawa wake. VC-118 iliyotumiwa na marais Kennedy na Johnson. Super Guppy, yenye tumbo lililovimba, iliyosafirisha sehemu za roketi za safari za mwezini. Na Boeing 777 ya kwanza kabisa kutengenezwa. Boeing 787 ya pili kutengenezwa nayo ipo, na kwa aliyeshuka Nairobi au Addis Ababa kwenye ndege ya aina hiyo, kusimama chini ya injini yake ni jambo jingine.

Hapa utaratibu ni uleule: nje asubuhi, ndani mchana. Anza uwanjani, na kama magoti yana shida lipia gari la wazi linalozungushwa na mwongozaji. Viti vyake huisha mapema, kwa hiyo kata tiketi yake unapoingia na si baadaye. Waongozaji wengi ni watu wa kujitolea waliowahi kurusha au kutengeneza ndege hizohizo. Uliza swali la kiufundi na utapata jibu ambalo kibao hakina. Malizia kwenye mabanda yenye kiyoyozi, na usiliruke lile la kumbukumbu ya kikosi cha mabomu cha 390, lenye B-17 iliyotunzwa vizuri. Usiguse chuma kilichokaa juani mwezi wa Julai, kinaunguza kweli.

Swali wanaloulizwa waongozaji kila siku ni kuhusu makaburi ya ndege, yaani uwanja wa kijeshi wa Davis-Monthan ambako maelfu ya ndege huhifadhiwa. Ziara za basi zilizokuwa zikiondoka hapa zilisimama mwaka 2020. Usiipange safari yako kwa kuzitegemea bila kuuliza. Ukiendesha kwenye Kolb Road utaziona pande zote mbili nyuma ya uzio, ila hakuna ruhusa ya kusimama. Sababu ya kuwekwa Tucson ni ya kawaida kabisa: hewa kavu haileti kutu, na udongo wa chini ni mgumu kiasi kwamba ndege nzito huegeshwa bila kumwaga lami wala zege. Rangi nyeupe iliyopakwa juu ya vioo na migongo ni ya kurudisha joto la jua.

Kwa msomaji wa Arusha, Mirerani, Voi au Taveta, jumba la kutafuta liko katikati ya mji: Alfie Norville Gem & Mineral Museum, la Chuo Kikuu cha Arizona, lililofunguliwa mwaka 2021 ndani ya mahakama ya zamani ya wilaya ya Pima, ile yenye kuba la vigae vya rangi. Kabla ya hapo mkusanyiko huu ulikuwa umebanwa chini ya jengo la sayansi chuoni. Sasa umepumua. Arizona ndiyo inayoongoza Marekani kwa shaba, na shaba ikikutana na maji na hewa huzaa azuraiti ya buluu na malakaiti ya kijani; vipande vilivyotoka migodi ya Bisbee ndivyo vya kusimama mbele yake muda mrefu. Taa zimepangwa na watu wanaojua jiwe, haziuchomi uso wa kioo. Saa moja na nusu inatosha, na kwa kuwa kila kitu kiko ndani, ni mahali pa mchana. Udhaifu wake ni maelezo: mengi yamemlenga mwanafunzi wa jiolojia, na machache yanataja mikono iliyochimba.

Jina la Tucson linajulikana kwetu kwa sababu ya maonyesho ya vito, yaliyoanza mwaka 1955 na ambayo sasa hujaza mji mzima kuanzia mwisho wa Januari hadi katikati ya Februari. Mwaka 2002, baada ya magazeti ya Marekani kudai kwamba biashara ya tanzanaiti ilihusishwa na al-Qaeda, wawakilishi wa Tanzania na wa biashara ya vito walikutana hapa na kutia saini Itifaki ya Tucson, ya kulinda njia ya jiwe kutoka mgodini hadi sokoni. Anayepanga kutembelea makumbusho majuma hayo ajue mambo matatu. Hoteli hupanda bei sana na hujaa miezi kadhaa kabla. Maegesho ya katikati ya mji huwa ya kugombania. Na maonyesho si moja, ni mengi: lile kubwa la jumba la mikutano, wikendi ya pili ya Februari, liko wazi kwa yeyote mwenye tiketi, lakini mengine, likiwemo la AGTA, chama cha wafanyabiashara wa vito wa Marekani, ni ya wafanyabiashara peke yao na huingii bila nyaraka za biashara. Wapo wanaosafiri kutoka mbali na kukwama mlangoni kwa kukosa karatasi hizo.

Kutoka hapo, reli ndogo ya mjini iitwayo Sun Link inakupeleka chuoni. Tangu 2020 usafiri wa umma wa mji umekuwa bila nauli kwa miaka kadhaa. Hakikisha kama bado ni hivyo. Chuoni kuna majumba mawili ya kuingia kwa pamoja. Center for Creative Photography ilianzishwa mwaka 1975 na mpiga picha Ansel Adams pamoja na rais wa chuo wa wakati huo, na inatunza kazi zake, za Edward Weston na za wengine wengi. Kuingia ni bure. Kosa la kawaida ni kwenda ukitarajia kuona picha za Adams ukutani. Kinachotundikwa hubadilika, na mara nyingi si yeye. Ukitaka picha fulani, omba miadi mapema ya kuletewa mezani.

Hatua chache kutoka hapo, jumba la sanaa la chuo lina mchoro wa msanii Willem de Kooning uitwao Woman-Ochre. Uliibwa Novemba 1985: mwanamke akamshughulisha mlinzi kwa mazungumzo, mwanamume akaukata kwenye fremu kwa kisu, na wote wawili wakatoka ndani ya kama robo saa. Ulipatikana 2017 huko New Mexico, ndani ya vitu vya nyumba vilivyonunuliwa kwa jumla na wauzaji wa vitu vya kale, na baada ya matengenezo marefu huko Los Angeles ukarudi kuonyeshwa mwaka 2022. Usogelee mchoro huo kutoka pembeni. Makovu ya kukunjwa na kukatwa yanafichuliwa na nuru ya ubavuni kuliko ya mbele.

Historia ya watu ndiyo sehemu ambayo majumba ya Tucson yanaifanya kwa unyonge ukilinganisha na wanyama na ndege. Presidio San Agustín ni jaribio zuri: kona ya ngome ya Wahispania ya mwaka 1775 imejengwa upya kwa matofali ya udongo yaliyokaushwa juani, na chini yake yameonyeshwa mabaki ya nyumba ya shimo ya wakulima walioishi hapo zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Nenda siku ya maonyesho ya maisha ya kale, miezi ya baridi, mafundi wanapokuwa kazini. Siku nyingine ni kuta tu. Kando yake, Tucson Museum of Art inafaa zaidi kwa sanaa ya Amerika ya Kilatini na kwa Casa Córdova, nyumba ya udongo ya karne ya 19 iliyo ndani ya eneo lake.

Kanisa la San Xavier del Bac halijiiti makumbusho, lakini ndani yake kuna sanaa kuliko majumba mengi yanayojiita hivyo. Misheni ilianzishwa na Padre Eusebio Kino mwaka 1692, na jengo la sasa lilijengwa kati ya 1783 na 1797. Liko kwenye ardhi ya Watohono O'odham, wenyeji asilia wa jangwa hili, na bado ni parokia yao. Kuingia ni bure. Misa ikiendelea, subiri nje au ukae usali, usizunguke na kamera. Mnara mmoja haukuwahi kukamilika. Nje huuzwa mkate wa kukaangwa kwenye mafuta, wa moto, wenye maharagwe au asali. Beba pesa taslimu.

DeGrazia Gallery in the Sun, kaskazini mwa mji, ni nyumba ya udongo aliyoijenga mchoraji Ted DeGrazia kwa mikono yake na ya rafiki zake, sakafu mojawapo ikiwa ya vipande vya mti wa cholla. Mwaka 1976 alichoma karibu michoro 100 yake mwenyewe mlimani kupinga kodi ya urithi. Jengo linapendeza kuliko michoro. Saa moja, usizidishe.

Anayetaka kuwaelewa Watohono O'odham kwa maneno yao aende Himdag Ki, jumba lao wenyewe lililofunguliwa mwaka 2007 huko Topawa, zaidi ya saa moja kwa gari kusini-magharibi. Vikapu vilivyofumwa, historia ya mpaka uliokata ardhi yao vipande viwili, na maelezo ya mavuno ya tunda la saguaro kila Juni kwa fimbo ndefu zilizotengenezwa kwa mbavu za saguaro wenyewe: hayo ndiyo yanayokosekana mjini. Piga simu kuuliza kama wamefungua, jaza mafuta kabla ya kuondoka Tucson, na usipige picha watu, makaburi wala vibanda vya ibada njiani. Julai hadi Septemba, mvua za alasiri hujaza mabonde makavu yanayokatiza barabara ndani ya dakika chache; maji yakivuka lami, zima gari upande wa nchi kavu na usubiri, hata kama gari la mbele limepita. Unaporudi kwa barabara ya 86 utakuta kizuizi cha polisi wa mpakani. Wanauliza uraia. Asiye raia wa Marekani, wakiwemo ndugu zetu wengi kutoka Kongo na Burundi waliopewa makazi Tucson, abebe kadi ya ukaazi au pasipoti halisi yenye viza, kwani picha ya simu au nakala ya fotokopi inaweza kumchelewesha kando ya barabara.